Leseni Iliyolala kwenye Koti la Harusi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, tena naomba unijibu kabla ya Jumatatu ijayo, maana Jumatatu hiyo mke wangu anakwenda kumgombeza karani asiye na kosa lolote, na mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni dereva wa basi, au niseme nilikuwa, kwa sababu tangu tuhamie nchi hii, karibu mwaka sasa, sijashika usukani, naosha vyombo kwenye mkahawa. Makaratasi mengine yote niliyahangaikia bila kulalamika, kibali cha kuishi, uthibitisho wa anwani, bima, shule ya watoto, nikachukua namba na kungoja kwenye vile viti vya plastiki mpaka nikajua kipi kina mguu mbovu. Likabaki moja tu, kubadilisha leseni, na hilo ndilo lenye riziki yetu, kwa sababu kampuni ya mabasi imekubali kuniajiri nikipata leseni ya hapa, na ruhusa ya kubadilisha bila kufanya mitihani upya inakwisha mwisho wa mwezi huu.

Siku nilipofika dirishani karani akaniambia, kwa adabu kabisa, "Ya zamani inabaki hapa, kaka. Mtu hawezi kuwa na leseni mbili." Mkono ukagoma. Nikairudisha mfukoni, nikasingizia kuna karatasi nimesahau nyumbani, nikaondoka.

Mshauri, leseni yangu ni ya kijitabu, ile ya zamani, picha imebandikwa kwa gundi. Siku tuliyokwenda kuipiga nilikuwa kijana mbichi, na kitambaa cheupe cha mpiga picha kilikuwa kimeng'oka ukutani, basi baba, ambaye alikuwa dereva wa malori na ndiye aliyenifundisha kazi, akasimama nyuma yangu akakiinua kwa mikono yake miwili, na vidole vyake vikatokea pembeni, juu kidogo ya bega langu, na kile kidole gumba chenye kucha iliyopondwa na jeki kinaonekana wazi kabisa. Baba hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote, tukimwambia alikuwa anajibu, "Barabara inanijua, picha ya nini?" Sasa hayupo, na vile vidole ndivyo picha yake pekee duniani. Nikivitazama nasikia harufu ya dizeli kwenye shati lake, namwona alfajiri akilizunguka lori, anagonga matairi kwa fimbo na kuyasikiliza, nasikia akiniambia, "Gia haitaki pupa, ikaribishe kama mgeni," nakumbuka alivyokuwa akiniachia usukani tukifika barabara tambarare, kisha anajifanya kalala, jicho moja wazi. Wenzangu huku wakikumbuka nyumbani hukumbuka mtaa na majirani, mimi nakumbuka ndani ya lile lori, na nalikumbuka mno.

Mke wangu nilimdanganya kwamba faili langu limepotea ofisini. Yeye anafanya usafi hospitalini, zamu mbili, mikono imechubuka kwa dawa, lakini wiki iliyopita, siku yake ya mapumziko, alikwenda kupanga foleni akamwambia yule karani, "Mume wangu si mtu wa kupigwa danadana!" Karani akamwambia arudi Jumatatu ijayo, watalitafuta faili. Akarudi nyumbani, akanipashia chakula, akasema, "Usijali, baba watoto, hawa nitapambana nao mpaka mwisho." Nikakaa mezani nikala. Leseni iko mfuko wa ndani wa koti langu la harusi. Nifanyeje?

Wako, Dereva wa Miguu

*

Dereva wa Miguu,

Pole kwa kuondokewa na mzee. Nilipofika pale anapojifanya kalala, jicho moja wazi, niliiweka barua kando nikanywa chai kwanza. Pole imekwisha. Sasa tugombane.

Mdogo wangu, unamwacha mama watoto wako akapaze sauti dirishani kwa ajili ya faili ambalo halijapotea popote, wakati kitu chenyewe kinaning'inia kabatini, hatua chache kutoka kitanda anacholalia? Halafu anakupashia chakula, nawe unakaa mezani! Njia ya mwongo ni fupi, na yako wewe dereva inaishia Jumatatu.

Kwa hiyo, leo hii akirudi kazini mpokee mkoba, mwekee maji ya vuguvugu aloweke mikono. Kisha leta lile koti. Usianze na hotuba. Mwonyeshe kidole gumba, mwambie ni cha nani na ile kucha iliumia vipi, halafu ndipo umwambie uongo wako wote. Atanuna. Mwache anune, ana haki. Mke aliyepambana hivyo kwa ajili ya uongo, ukimpa ukweli atakuwa mkali zaidi, safari hii kwa faida yenu.

Kesho peleka ile picha studio, waitengenezee nakala nzuri, waikuze pembe yenye vidole, uitundike ukutani watoto wamwone babu yao. Picha pekee ya mtu haifichwi kwenye koti ikaliwa na mende. Jumatatu nendeni wote wawili. Muulize karani kama leseni ya zamani wanaweza kuitoboa tundu, alama ya kuifuta, wakurudishie, au angalau wakubandulie picha. Wakikubali, shukuru. Wakikataa, iache hapo hapo dirishani. Ndiyo, iache. Na karani umwombe radhi wewe, kwa mdomo wako, mkeo akisikia.

Najua itauma. Lakini hebu kumbuka vizuri siku ile. Mzee alisimama mikono juu, na bila shaka ilichoka, kwa sababu alitaka mwanawe apate leseni aendeshe. Hakukishika kile kitambaa ili leseni ilale kabatini na wewe ukasugue sahani za watu. Kazi aliyokufundisha ndiyo imebaki mikononi mwako, na hiyo hakuna dirisha litakalokuambia uiache.

Na siku ya kwanza utakapokabidhiwa basi, mke wako apande, akae kiti cha mbele, karibu nawe. Usimdai nauli. Alishalipa.