Afisa Aliyepiga Simu Mazishini

Jumapili, Rongo

Serikali yenye haraka namna ile sijapata kuiona. Jana nilikuwa nimeshika kipaza sauti, nikimsifu marehemu Mzee Owino, nikamwona mjane wake akimsomea mtu tarakimu kwenye simu. Alikuwa amebakiza mbili.

"Ni afisa, Mwalimu," akaninong'oneza. "Anataka nambari ya siri, atoe pensheni ya mzee."

Nikaichukua simu, nikaisogeza kwenye kipaza sauti.

"Mama, harakisha," afisa akahimiza mbele ya waombolezaji wote. "Na usimwambie mtu."

"Hajamwambia mtu," nikajibu. "Ni ukoo tu, na chifu hapa mstari wa mbele. Nikupe umsalimu?"

Akakata. Watu wakacheka, nami nikawahutubia: afisa wa kweli haombi nambari ya siri, wala hataki ufiche. Huyu bila shaka alitusikia kwenye matangazo ya vifo redioni.

Nilikuwa bado najipongeza mjane aliponiuliza kwa upole, "Na wale wa kweli, Mwalimu, ambao mzee aliwangoja hadi akafa, wao watapiga lini?"

Nilikuwa nimesema nusu saa nzima. Hapo nikampa chifu kipaza sauti.