Aliniuliza kama ni sauti yake, nikamjibu ndiyo

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu siku hiyo kuna mtu atasimama mbele ya harusi nzima kule Mwamgongo, kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa boti, ili aimbe kwa sauti ambayo si yake, na sauti hiyo ni yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Mwanga, karibu na Ujiji, na tangu usichana wangu naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Miaka miwili iliyopita Mwalimu Theophil, ambaye alihamishiwa huku kutoka Moshi, alifungua kundi la WhatsApp la watu wanaopenda muziki lakini si kazi yao, tupo ishirini na mbili, kuna fundi cherehani, kuna nesi, kuna mzee mmoja wa Ujiji anayepiga kinanda, kila mtu anarekodi nyumbani kwa simu yake, anaweka wimbo, gitaa peke yake na kila sauti peke yake, halafu wenzake wanasikiliza na kusema ukweli. Sheria yetu kubwa ni kwamba ukikosoa, onyesha, yaani huruhusiwi kuandika "hapa pabaya" ukanyamaza, lazima uimbe kipande hicho wewe mwenyewe juu ya wimbo wa mwenzako, na uanze kwa kutaja jina lako na kusema huu ni mfano tu, watu wasije wakachanganya.

Mwezi uliopita Bariki, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, aliweka wimbo aliotunga kwa ajili ya harusi ya shemeji yake. Gitaa alipiga yeye na kuimba, sauti ya pili akaimba mkewe Agnesi, ambaye hayumo kwenye kundi na hajawahi kurekodi, Bariki akamvalisha hedifoni zake mpya zile za bila waya ili asikie gitaa, simu ikamrekodi. Wimbo ulikuwa mzuri, mshauri, ila Agnesi alikuwa nyuma, kila mstari, kwa kiasi kile kile, kama mtu anayemfuata mwenzake hatua moja nyuma, na watu wakaanza kucheka, mmoja akaandika, "Shemeji amekosa boti, anakuja na ya kesho," na Bariki mwenyewe akaweka vikatuni vya kucheka, nami nikaona heri nisaidie, nikakaa dukani kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni zangu za zamani za waya, nikaitoa sauti ya Agnesi na kuimba mimi mahali pake, mwanzoni nikataja jina langu kama sheria inavyotaka, nikarudisha kwenye kundi.

Watu walisifu. Mwalimu aliandika, "Sasa huu ni wimbo." Nilifurahi, sikatai.

Nisichokijua wakati huo ni kwamba Bariki alikata zile sekunde za mwanzo zenye jina langu, akamwambia mkewe amemsafisha sauti kwa mashine, akautuma Mwamgongo kwa wakwe zake. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Agnesi akanijia mbio na simu mkononi.

"Dada, hebu sikiliza. Hivi kweli huyu ni mimi?"

Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na nyuma yake Bariki amesimama kando ya pikipiki, ananitazama. Nikasema, "Ni wewe." Akanikumbatia, akanifungulia ujumbe wa mama yake, mama anaongea Kiha, anamwita mwana wanje, mwanangu, anasema ukoo wote umeusikia wimbo na siku ya harusi hawataki simu, wanamtaka yeye asimame aimbe vile vile.

Kesho yake nilimfuata Bariki Kibirizi, nikamwambia, "Mwambie mkeo."

"Nimwambie nini? Amefurahi. Furaha ya mke wangu inakuuma wapi?"

"Atasimama mbele za watu, Bariki."

"Ataimba, watapiga vigelegele, itaisha. Harusini nani anasikiliza?"

"Mama yake."

Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Haya, sema. Nami nitasema ulinibembeleza nikuweke wewe, maana kundi zima linajua unavyopenda kusikika. Na aliyeulizwa ni wewe. Mimi nilinyamaza."

Hapo nikageuka nikarudi dukani, mshauri, kwa sababu ni kweli niliulizwa mimi. Sasa Agnesi anapita dukani kila siku, anasema nimsikilize anavyofanya mazoezi, jana alianza kuimba mbele ya meza yangu na mimi sikuweza, nikawasha mashine ya fotokopi nikajifanya nina kazi ya haraka. Anaondoka na boti ya Alhamisi. Nikisema namvunja moyo na pengine naivunja nyumba yake, nikinyamaza anaaibika mbele ya mama yake. Namwonea huruma sana. Nifanye nini?

Sauti ya Pili, Mwanga

MSHAURI ANAJIBU

Sauti ya Pili,

Naanza na jambo ambalo hukuniuliza. Umeandika kwamba Agnesi alichelewa kila mstari kwa kiasi kile kile. Mtu asiyeweza kushika mwendo hachelewi hivyo. Huchelewa hapa, akawahi pale. Nilimpigia fundi mitambo mmoja niliyefanya naye kazi redioni, nikamsomea maelezo yako. Hakusubiri nimalize. "Hedifoni za bila waya," alisema. "Gitaa linachelewa kidogo kufika sikioni. Huyo mama ameimba sawasawa na alichokisikia."

Kwa hiyo kundi la wapenda muziki lilimcheka mwanamke kwa kosa la kifaa alichovalishwa na mumewe. Wewe ulivaa cha waya ukaonekana bingwa.

Niliuliza pia kama ingewezekana kurekebisha. Fundi anasema unaishika sauti yake kwenye kompyuta, unaisogeza mbele kidogo mpaka ikae juu ya gitaa, basi. Dakika tano. Kompyuta ulikuwa nayo, sauti yake peke yake ulikuwa nayo. Ungeweza kumsogeza. Ulimtoa.

Sisemi ulifanya kwa ubaya. Ulifuata sheria yenu, jina ulilitaja, na wenzako walikuwa wanacheka wakati wewe unafanya kazi. Hilo nakupa. Lakini barua yako ni ndefu, nimeisoma mara tatu, na hakuna hata sentensi moja inayosema Agnesi ana sauti mbaya. Hujui. Alipokuja kuimba mbele ya meza yako uliwasha mashine. Ulikuwa unaogopa kusikia kwamba hajui kuimba, au kusikia kwamba anajua? Jibu usiniandikie mimi.

Kuhusu Bariki, tishio lake ni upepo. Ule mfano wako, wenye jina lako mwanzoni, upo kwenye simu za watu wa kundi lote, na yeyote anaweza kuufungua. Alimcheka mkewe, akamdanganya, sasa anataka umtunzie siri. Huna deni hilo kwake. Ila sentensi yake ya mwisho imesimama: aliyeulizwa ni wewe. Uongo wa "nimekusafisha kwa mashine" ni wake. "Ni wewe" ni wako, na huo ndio unaokuhusu leo.

Unaniuliza umvunje moyo au umwache aaibike. Katika hayo yote mawili, anayemwamulia Agnesi ni wewe. Amekwisha kuamuliwa vya kutosha: mumewe aliamua ni sauti ipi iende kwa mama yake, wewe ukaamua asikie nini baada ya misa. Mpe habari kamili aamue mwenyewe kama atapanda boti akaimbe, akae kimya, au amwimbishe Bariki peke yake huku akimtazama.

Nyumba yake haivunjwi na wewe. Kama ina ufa, aliutia aliyekata zile sekunde.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Majina nimebadilisha, lakini watu wa kundi lenu wakifika ule mzaha wa shemeji aliyekosa boti watajua ni nani, na Kibirizi wanasoma magazeti. Nilikutumia ujumbe kwamba barua inatoka leo, ukajibu "Sawa." Basi usimwache aambiwe na mtu mwenye gazeti.

Fungua duka, usiwashe mashine. Ichukue ile sauti yake ya kwanza, isogeze mpaka ikae, iweke kwenye simu yako. Funga duka. Beba hedifoni zako za waya. Nenda kwa Agnesi wakati Bariki yuko kazini, na usimwombe huyo mume ruhusa. Mwambie, "Ile sauti ni yangu. Uliponiuliza, nilikudanganya." Kisha nyamaza. Usimweleze ulivyomhurumia, huruma yako imemfikisha hapa. Akikufukuza, ondoka, lakini hedifoni umwachie na wimbo umtumie. Akilia, subiri. Akitaka kusikia habari ya hedifoni za bila waya, mweleze polepole, ni haki yake kujua kwamba hakukosea.

Akikubali, wimbo wake halisi utumwe Mwamgongo leo, utangulie boti. Na kwenye kundi uuweke huo huo, kwa jina lake, ukisema na wewe ulifanya nini. Sheria yenu inasema ukikosoa, onyesha. Safari hii wa kukosolewa ni wewe.

Halafu mvalishe hedifoni, ubonyeze, umwache asikilize mpaka mwisho. Akikuuliza tena kama kweli huyo ni yeye, jibu lile ulilompa Jumapili ile baada ya misa litakuwa bado linafaa, na utaweza kumtazama unapolitoa.