Mkia wa Bosi na Kiuno cha Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako, na kutoka kwa kila aliye chini ya paa hili. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi yenu? Kazini je, bado wanakuweka zamu za usiku? Na lile koti nililokushonea, usiniambie umelitundika tu kwa kuogopa kuonekana mshamba. Livae. Nililitia bitana mara mbili makusudi.

Sisi hatujambo, kwa namna watu wanavyosema hatujambo. Mimi macho yananisumbua nikitunga uzi kwenye sindano, lakini cherehani haijanichoka. Shemeji yako yupo, anakoroma vilevile. Mengine nitakueleza polepole, kwa hiyo tafuta pa kukaa kwanza. Usiisome barua hii ukiwa umesimama kituoni.

Nianze na mjusi wako wa madoadoa, maana najua ndiye utakayemuulizia mbele ya watu wote. Bosi yu hai. Nasema hivyo kwa sababu kulikuwa na wakati sikuwa na uhakika.

Unakumbuka ulivyotuachia. Ulileta sanduku lake la kioo, mkeka wake wa umeme wa kumpasha joto na kopo la kalsiamu ya unga, ukamkabidhi baba. Ukamweleza kwamba Bosi hali majani wala makombo ya mezani, chakula chake ni wadudu walio hai: nyenje, na wale funza wembamba wanaofugwa kwenye pumba. Na wale funza wengine wanono, weupe, wa nta, ukasema ni kama peremende, apewe mara mojamoja. Baba aliitikia kila neno. Ila wewe uliondoka, naye akabaki na masikio yake ya bucha.

Maana baba ameuza nyama umri wake wote, na kwake mnyama mzuri ni yule aliyenona. Alipouona mkia wa Bosi unaanza kujaa, akawa hana habari nyingine. Mteja wangu anakuja kupimwa gauni, hajavua hata viatu, ameshaitwa kwenda kuutazama mkia. Ulituambia mkia ndio ghala lake la akiba, anaweka humo mafuta ya siku za shida. Basi tukadhani ghala likifurika ndiyo heri zaidi. Hata mimi nilimsifia. Nyumba yetu hii haijawahi kumcheka aliyenenepa.

Na hao funza wa nta ndio waliomleta kiganjani. Nyenje ni mpaka amfukuze. Funza wa nta analala tu kwenye kiganja cha baba, na Bosi anapanda na vidole vyake vya baridi, anatazama kwanza, kisha anadaka. Tangu mama atutoke, baba hana mtu wa kumngoja mezani. Sikuwa na moyo wa kumkataza. Akawa anampa asubuhi, anampa jioni, na mchana akipita akakodolewa macho, anampa mmoja wa kumfariji. Ikafika mahali nyenje wanatembea juu ya kichwa cha Bosi naye anageukia ukutani kama mtu aliyewekewa kiporo.

Kilichonishtua ni kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nasafisha sanduku, nikamnyanyua, nikahisi kwapani ana vivimbe viwili laini, mfano wa vifungo vilivyovikwa kitambaa. Unajua desturi yangu. Wateja nawapima kwa tepu, lakini kitu ninachotaka kisinitoke akilini nakipima kwa uzi na kuufunga fundo, kama mama alivyonifundisha. Nikachukua uzi mwekundu, nikauzungusha mkiani pale penye unene, nikafunga. Kisha nikamvisha ule mduara shingoni. Ukaning'inia kama mkufu wa kuazima.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Ni mama mmoja mwenye mikono ya kushika ng'ombe, lakini alivyomgeuza Bosi ungedhani anageuza yai. Akasema huyu hajanona, huyu anaumwa. Mjusi wa aina hii akiwa na afya, mkia wake unalingana na shingo au unaizidi kidogo tu. Ukizidi mno, mafuta yanakosa pa kukaa, yanahamia kwapani na tumboni, na mwisho wake ni kwenye ini. Alisema wengi wanaoletwa kwake wakiwa hivyo wametoka kwenye nyumba wanamopendwa sana. Hakusema kwa kulaumu, lakini nilimwona baba akiikunja kofia yake magotini.

Nilidhani atatuambia tumnyime chakula. Akakataa kabisa. Akasema mnene akifungiwa chakula ghafla, mwili unayayeyusha mafuta yote kwa pamoja na ini linashindwa. Apunguziwe taratibu. Siku moja ale, siku ya pili apumzike. Ale nyenje na wale funza wembamba, na kila mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Na wadudu wenyewe wasiwe na njaa: washibishwe karoti na mboga kabla, wagaragazwe kwenye kalsiamu, maana atakachokula Bosi ni kile walichokula wao. Maji yabadilishwe kila siku, na pale anapolaza tumbo pawe na joto, bila hivyo chakula hakisagiki. Funza wa nta, basi. Na apimwe uzito kila wiki.

Tulipokuwa tunainuka baba akauliza jambo moja: "Na aliyekonda haraka bila kutaka, daktari, yeye inakuwaje?"

Daktari akamjibu habari za mijusi. Kwamba mjusi akikonda ghafla ilhali chakula anawekewa, basi ndani kuna kitu, na watu wake wasikae kungoja. Baba akaitikia, akamshukuru, akavaa kofia. Mimi nikageukia dirishani, kwa sababu nilijua hakuwa ameuliza habari za mjusi.

Mdogo wangu, hapa ndipo nilipokuwa nakuleta tangu mstari wa kwanza.

Baba amekonda. Sisemi amepungua kidogo kwa uzee. Suruali zake nimezibana, nikazibana tena, hadi mifuko ya nyuma imekaribia kugusana. Sahani anaigeuzageuza, anasifu mapishi, kisha anaisukuma kwa shemeji yako. Hospitali wakampiga picha, wakaona uvimbe tumboni. Walichozungumza nasi ni dawa za kumtuliza maumivu. Nilingoja waitaje ya kumponya, hawakuitaja.

Alinikataza nisikwambie. Alisema umekwenda mbali kutafuta maisha, usije ukayaacha njiani kwa ajili ya mtu ambaye ameshayaishi ya kwake. Nilimtii kwa muda, na muda huo uliniuma kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Utasema, mbona kila wiki tunaonana kwa simu ya video. Hebu fikiri vizuri. Mara ya mwisho uliuona lini uso wa baba? Kila ukipiga anasogea pembeni, anaielekeza simu kwenye sanduku. "Mwone Bosi! Mwone alivyojaa! Huku tunakula, mwanangu!" Nawe unacheka, unakata simu roho yako imetulia. Nyumba nzima ulikuwa unaipima kwa mkia wa mjusi. Sauti ile hukuweza kuitilia shaka, maana sauti ya mtu wa bucha haikondi.

Mazuri pia yapo, usidhani tunakesha tukilia. Siku ile tukirudi kutoka kwa daktari, baba alilipakata boksi la Bosi, akasema, "Mimi napungua, huyu ananenepa. Tumeshindwa kugawana." Tulicheka wote wawili barabarani, mimi nikacheka mpaka nikashindwa kujua kama bado ni kicheko.

Tangu hapo kazi ya Bosi ameishika barabara. Alitoa ile mizani yake ya bucha kwenye stoo, akaipangusa, akamweka Bosi juu yake. Mshale haukujitikisa. Aliona haya kwa niaba ya mizani. Sasa tunaazima ya jirani yetu mwoka keki, ile inayosoma gramu, kwa masharti mawili: Bosi akae ndani ya bakuli letu, na wateja wa keki wasisikie neno. Jirani mwenyewe hugeuka nyuma akafumba macho mpaka tumalize. Baba anaisoma namba kwa sauti ileile aliyokuwa akimtajia mtu kilo zake, na hapunji.

Mwanzoni Bosi alisusa. Alikuwa anamkazia baba macho kupitia kioo, na baba akatoka nje akakae barazani ili asije akashindwa. Siku aliyomkamata nyenje wa kwanza, baba aliniita kwa kelele hadi nikaiacha sindano ndani ya pindo la mtu. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku, anapiga makofi bila sauti asimshtue.

Siku za Bosi kula, baba naye ananiruhusu nimletee supu, anaiweka juu ya kiti karibu na sanduku. Vijiko vichache, lakini vinashuka. Siku za Bosi kupumzika, naye anapumzika. Nikimwambia yeye daktari hakumpa siku za kupumzika, ananiambia niache kumwonea wivu mjusi.

Vivimbe vya kwapani vimekwisha. Madoa ya Bosi yanaonekana vizuri, anatembea na tumbo lake limeinuka juu ya mchanga, sio lile la kuburuta. Daktari amesema akiendelea kutunzwa hivi ana miaka mingi mbele yake. Baba alifurahi sana. Jioni yake, tukiwa tunamwekea maji, akaniuliza ni nani atakayekuwa anampima.

Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia yote. Nilijiandaa kugombezwa. Alikaa, akaitazama cherehani, kisha akasimama katikati ya chumba akanyanyua mikono yake kama mteja. Nikamzungushia uzi kiunoni. Mikono yangu imepima watu tangu nikiwa msichana, lakini jana fundo lilinilegea. Akanisubiri. "Kaza fundo," akasema. "Asije akadhani umekosea kupima."

Ndani ya bahasha utakuta nyuzi tatu. Mwekundu ni mkia wa Bosi ulivyokuwa. Wa bluu ni ulivyo leo. Uweke juu ya ule mwekundu uone kazi aliyoifanya baba yako. Mweupe ni kiuno chake. Wewe na yeye mlikuwa mnavaliana suruali, nikiwashonea kwa kipimo kimoja ili nisijisumbue. Uzungushe kiunoni mwako, mdogo wangu. Hautafika. Usiuvute, utakatika.

Usinitumie dawa za huko, wala usimnunulie shati, kwa sababu utalinunua la mtu unayemkumbuka. Njoo. Hospitali hawakutaja muda, nami sikuthubutu kuuliza, lakini najua uzi mwingine nitakaompimia hautakuwa mrefu kama huu. Njoo ukiwa na woga wako, njoo hata ukiwa na hasira na mimi kwa kuchelewa kusema. Kitanda chako kipo, na sanduku la Bosi liko pembeni yake.

Shemeji yako anakusalimu, anasema atakuja kukupokea mwenyewe hata kama ni alfajiri. Shangazi anakusalimu na anakuombea kila anapokumbuka jina lako, na siku hizi analikumbuka sana. Mwoka keki anakusalimu, anakuuliza huyo mjusi ulimtoa wapi na ni kosa gani alilokufanyia yeye. Mungu akupe wepesi wa njia, akuvushe salama, na akufikishe mlango huu ukute taa inawaka.

Mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni.

Nilikuwa karibu kuifunga bahasha nikamwuliza baba nikuandikie salamu zake zipi. Amekataa. Amesema wengine wote watume, zako yeye anakuwekea, uje uzichukue mwenyewe.