Mkate wa Kupigwa Picha

Jumatatu, 29 Juni 1959
Baridi. Sindano mbili zimevunjika kabla ya saa nne. Turubai jipya ni gumu kama ubao, vidole vinaniuma. Tunashona mahema ya kampuni ya safari, yale makubwa yenye veranda. Bwana Kanji, mwenye karakana, amepita mara kadhaa kutazama mishono. Hakugomba. Si kawaida yake.
Mume wangu, Baba Esta, yuko Tsavo, anapikia wageni. Atarudi mwisho wa Julai.

Alhamisi, 2 Julai
Nimeshuka basi Dagoretti Kona, nikakuta mlango wangu uko wazi. Nikadhani mwizi. Kumbe ni mume wangu, amekaa kitandani, hajavua viatu.
Wageni wamekwenda zao kwa ndege. Safari ya miezi miwili imekatwa katikati. Anasema hawakuja na bunduki hata moja. Kamera tu. Sanduku la barafu, ambamo yeye huweka nyama, walijaza filamu. Nyama ikaoza. Alicheka akisimulia, nami nikacheka. Kisha akainama kuvua viatu.
Nilisonga ugali wa mtu mmoja. Mkono umezoea hivyo.

Jumatano, 8 Julai
Kampuni imewaita watu wake wote uani, Ngong Road. Kuna meneja mpya, Mzungu kijana. Amesema zamani mgeni alikuja kwa meli akakaa miezi. Sasa analala usiku mmoja kwenye ndege, anashuka Embakasi, na likizo yake ni siku chache. Hataki hema. Anataka kitanda cha hoteli na maji ya moto. Amwone simba asubuhi, ampige picha, arudi kula. Malori yanauzwa. Yananunuliwa magari madogo ambayo paa linafunguka, mgeni asimame ndani apige picha zake. Madereva wanaojua Kiingereza wanabaki. Wachuna ngozi, wapagazi, wapishi, basi.
Baba Esta aliipikia kampuni hiyo tangu kabla hatujaoana. Alinieleza yote kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ni habari za jirani.  Nikasema pole.

Ijumaa, 17 Julai
Leo ilikuwa zamu yetu.
"Hema hapana tena, Mama Esta," Bwana Kanji aliniambia. "Iko kazi ya paa ya motokaa. Wewe na Abdalla tabaki. Wengine nimeambia."
Nilifurahi. Halafu nikaona aibu, maana Perpetua, tuliyeketi naye meza moja miaka yote hii, alikuwa anakusanya vitu vyake mbele yangu. Aliniachia mkasi wake mzuri. Sikuutaka. Nimeuchukua.
Vifuniko vya paa ni kazi ndogo. Turubai la hema moja linatoa vingi.

Jumapili, 19 Julai
Nimechoka na mume wangu. Naandika hivyo hivyo.
Tangu tuoane amekuwa mtu wa kuja na kuondoka. Nimezoea chumba changu. Nimezoea kulala katikati ya kitanda. Sasa yuko hapa asubuhi, yuko hapa jioni. Amehamisha sufuria. Chumvi iko mahali pa sukari. Jana alinionyesha jinsi ya kukata kitunguu. Mimi, niliyekata vitunguu tangu utoto.
Mama Njeri, mwenye nyumba, anasema nina bahati kuwa na mume anayekaa jikoni. Wa kwake alirudi kutoka kizuizini mwaka jana. Hapiki wala hasemi. 

Jumanne, 28 Julai
Hoteli moja mjini ilimwita. Alitoka alfajiri na shati nililompigia pasi. Jioni nikamkuta nyumbani, shati limekunjwa kwenye kiti.
Walimkalisha mbele ya gunia la viazi amenye. Akasema anajua kuoka. Wakamwambia mkate unaletwa na gari kila asubuhi, umeshakatwa.
"Nimeacha," akasema.
"Umeacha au umefukuzwa?"
"Nimeacha. Mimi si mtu wa kumenya viazi, Mama Esta."
"Na mimi si mtu wa kushona paa za magari. Lakini nashona."
 Halafu akasema turudi nyumbani Maragoli, tukalime, tukae na Esta, binti yetu, ambaye analelewa na bibi yake. Nikasema siendi. Sikupaza sauti. Karo ya Esta inatoka kwenye sindano yangu, na sasa inatoka huko peke yake.
Amelala ameelekea ukutani.

Jumamosi, 1 Agosti
Hatujasemezana ila habari za maji na makaa.

Alhamisi, 6 Agosti
Bwana Kanji alinituma uani kwa kampuni nikafunge vifuniko. Meneja alikuwa anamgombeza dereva. Wageni wanalalamika. Wakitoka kuona wanyama Lang'ata wanapewa boksi la hoteli, yai la kuchemsha na mkate mkavu. Wanauliza, safari yenyewe iko wapi?
Nikaweka sindano chini. Nikamwambia meneja kwamba mume wangu huoka mkate kwenye debe, ndani ya shimo la makaa.
"Ndani ya ardhi?"
"Ndani ya ardhi, Bwana."
Akasema aje Jumanne.
Sikumuuliza Baba Esta kwanza. Nilijua angekataa.

Ijumaa, 7 Agosti
Amekasirika. Anasema nimemsemea kama mtoto. Ni kweli. Hakula.
Jioni nilimwona nyuma ya nyumba, amelishika debe lake juani, analikagua kama limetoboka.

Jumanne, 11 Agosti
Ilikuwa kwenye shamba moja Karen. Walimvika kanzu nyeupe na kofia nyekundu, vitu ambavyo hajawahi kuvaa porini. Viti vilipangwa kuzunguka shimo. Alipofukua debe, wageni wote waliinuka na kamera.
Jua likaingia mawinguni. Mama mmoja akaomba mkate urudishwe shimoni, jua likitoka utolewe tena. Akarudisha. Akautoa. Mwingine filamu ikamwishia, akaomba asubiriwe. Akarudisha tena. Mkate ukaungua. Wageni wakanywa chai na biskuti.
Amerudi na mkate nyumbani, mweusi kama mkaa. Tuliukwangua kwa kisu, tukaula. Ndani ulikuwa mzuri.
"Hakuonja hata mmoja," alisema.
Afadhali angenifokea. Mimi ndiye niliyempeleka.

Jumanne, 18 Agosti
Nilidhani hatakwenda tena. Amekwenda. Nimemngoja tangu nitoke kazini, sikai, sisimami.
Amesimulia hivi. Mawingu tena. Mama mwingine, ombi lile lile, mkate urudi shimoni.
"Hapana, Memsahibu," akamwambia. "Mkate umeiva. Kwanza tule."
Akaukata pale pale, moshi unatoka, akapaka siagi. Dereva akatafsiri kwa sauti ndogo. Meneja akawa mwekundu. Hakuna aliyesogea. Baba Esta amesimama na kipande mkononi, anawaza kwamba kazi imekwisha.
Kisha mzee mmoja wa Kizungu akaiweka kamera yake kwenye nyasi, akaja, akapokea. Akala. Akaomba kingine. Wengine wakafuata. Hakikubaki kitu, anasema Baba Esta, hata makombo ya ndege.
Meneja alimvuta kando. Asubuhi tatu kwa wiki. Kanzu itabaki, wageni wanaipenda. Mkate ukiiva unaliwa. Mshahara haufiki ule wa zamani.
"Na kanzu umekubali?" nikamuuliza.
"Kanzu ni nguo tu."
Akaniambia pia kwamba nisimsemee tena pasipo kumuuliza. Nikasema sawa. Nimemaanisha.

Jumapili, 23 Agosti
Tumekwenda kanisani pamoja. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa naye benchi moja.
Baada ya matangazo mchungaji akaomba wageni wasimame tuwasalimu. Nilikuwa natafuta ukurasa wa wimbo. Nilipoinua macho, Baba Esta alikuwa amesimama. Watu wakageuka. Mimi wananijua, yeye hawamjui.
"Mgeni wetu ametoka wapi?" mchungaji akauliza.
Akanitazama. Nikasimama nami. Nikasema huyu si mgeni, ni mume wangu Zakayo, tunakaa naye hapa Kona.
Wakapiga makofi. Tukakaa. Vitabu vya nyimbo havikutosha, tukashika kimoja.
Anaimba vibaya. Sikumwambia.