Namba ya Marehemu kwenye Faili Mama

Jumatatu, 8 Septemba

Chai, mihogo ya kuchemsha, ofisini. Nachingwea vumbi tupu. Saa tatu kapiga Mama Zuhura wa Chiola, mjane wa Mzee Chitanda aliyenifundisha kazi. Namba ya marehemu bado imo kwenye faili mama la mfumo wa pampu za maji, na faili letu linairithi. Wilaya nyingine waliandika zao zamani. Sisi, pampu ya kijiji ikizima, ujumbe unaingia kwenye simu ya marehemu. Mjane anausoma, ananipigia. Ananisomea herufi moja moja, halafu: "Umekula, mwanangu?"

Nikatuma fundi. Simu nyingine leo, hakuna.

Alhamisi, 11 Septemba

Pampu ya Matambarale ilizima juzi. Mama Zuhura alikuwa shamba, simu kaiacha kwenye chaji kwa jirani. Siku mbili kinamama wamechota maji ya dimbwi. Mwenyekiti wa kamati ya maji kanisema mpaka nimekosa pa kuweka uso. Ana haki. Kosa langu, si la mjane. Miezi mitano najua na sijabadili. Uvivu? Nisijidanganye. Napenda anipigie. Mji huu sina mwingine wa kuniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 12 Septemba

Faili mama liko makao makuu, siruhusiwi kuligusa. Faili la Nachingwea na Ruangwa ni langu. Linarithi kila kitu, ila ukiandika chako, kinafuatwa chako. Nimeandika namba yangu, mstari mmoja, chini ya "wapokeaji". Itakaa pamoja na ile ya Mzee. Nimepakia. Nimejaribu. Ujumbe umeingia kwangu.

Jumatano, 17 Septemba

Mama Zuhura kapiga. Sauti imekauka. Siku tano simu ya mzee haijalia. "Mmemfuta?"

Nimefungua faili. Kweli. Orodha ya faili mtoto haiongezi juu ya orodha ya faili mama, inaifunika yote. Mzee alinifundisha hilo wiki ya kwanza. Mjinga mimi. Nikamweleza ni bahati mbaya, na kwamba sasa ujumbe naupata mwenyewe, asihangaike. Kisha: "Watu walishaacha kumpigia, mwanangu. Zilibaki pampu."

Nimeandika namba mbili. Ya Mzee juu. Sikuweza kula mchana.

Jumapili, 21 Septemba

Saa nne Matambarale imezima tena. Ujumbe nimeuona papo hapo, fundi kashapanda bodaboda. Maji yatatoka leo leo. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Nimekaa na simu. Haikulia. Hana sababu tena, nilimwambia mwenyewe asihangaike.

Saa tano nikampigia mimi. Nikamwambia kwangu ujumbe haujaingia, sijui mtandao. Anisomee.

Akatafuta miwani. Nikamsubiri. Akaanza: P. A. M.