Mistari ya Mama Salgaa

Nakuru,
Februari 9, 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku shuleni. Mimi niko sawa, kifua kimeacha kunisumbua. Mguu wako uko aje? Umepumzika hata kidogo ama bado unasimama kwa jiko siku nzima?

Nimepata nafasi kwa drama, na safari hii si ya kusimama nyuma. Mwalimu Gathogo ameandika mchezo wa usalama barabarani, tunaupeleka mashindano ya kaunti mwezi ujao. Mhusika wangu anaitwa Mama Salgaa. Ako na hoteli ya madereva wa malori, hapo hapo Salgaa kama yako. Anawawekea dawa kwa chai, wakilala anawatoa ufunguo mfukoni, kisha anapigia vijana wake mluzi waje kubeba mzigo.

Mwalimu alisema mbele ya wote, "Chelagat, wewe ni wa huko, mwendo wao unaujua." Watu walicheka, hata Abby, na Abby ni beshte yangu. Mimi pia nilicheka. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu.

Binti yako,
Chelagat

Salgaa,
Februari 17, 2025

Chelagat wangu,

Barua nimeipata kwa mkono wa Weldon wa lori. Tuko wazima, mguu ni ule ule, namshukuru Mungu. Nimekutumia mafuta ya kupaka na avokado, usile zote siku moja.

Sasa hiyo drama. Mimi nilikupeleka shule usome Chemistry, si kutingisha kiuno mbele ya watu. Na hiyo ya Mama Salgaa imeniuma, sitakudanganya. Nilisoma nikiwa na unga kwa mikono, ikabidi nikae chini.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Sema vile ameandika, mashindano yaishe, kisha utoke kwa hiyo club urudi kwa vitabu. Watu wametusema tangu nifungue hoteli na bado tunapika. Nimenyamaza miaka hiyo yote na sijakufa.

Mama yako

Nakuru,
Machi 10, 2025

Mama,

Habari za huko? Natumai mnaendelea vizuri. Mimi mwili uko sawa, mambo mengine ndio hayako sawa.

Unasema drama inanipotezea masomo. Kwa darasa, mwalimu anasema kitu, unakiandika, siku ya mtihani unamrudishia vile alikupea, anakuwekea tiki. Kwa stage huwezi. Lazima ujue huyu mtu anafanya hivi kwa nini, la sivyo hata mikono hujui uiweke wapi. Kwa hivyo nilimuuliza Mwalimu Gathogo, Mama Salgaa anachukua ufunguo kwa nini? Akasema kwa sababu ni mwizi. Nikamuuliza kama amewahi kunywa chai Salgaa. Akasema nisimpotezee muda.

Jumamosi tukaenda kaunti. Abby ndiye dereva, akalala kwa meza, nikamtoa ufunguo. Hapo nilifaa kupiga mluzi. Sikupiga. Niliangalia watu nikasema, "Huyu ametoka Mombasa hajalala. Macho ni mekundu. Nikimwachia ufunguo ataenda kufa hapo kwa mteremko na aue wengine. Kwa hivyo naficha. Akiamka atanitusi, kisha atakunywa chai, kisha atafika kwake."

Hayo si ya kutunga, mama. Nimekuona ukiyafanya tangu niko nursery.

Ukumbi wote ukapiga makofi. Jaji akasema hapo tu ndipo aliamini mchezo. Lakini wale vijana wa mluzi walibaki nyuma ya pazia wakingoja, mwisho ukavurugika, tukatoka nambari tano. Hatuendi mbele.

Gathogo amenitoa kwa club. Anataka niandike barua ya msamaha niisome paredi mbele ya shule yote, na mzazi aje Ijumaa. Nisipoandika nitatolewa shule. Mimi siandiki. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Binti yako,
Chelagat

Salgaa,
Machi 12, 2025

Chelagat,

Leo sina salamu. Andika hiyo barua. Kwetu hakuna mwingine amewahi kufika Form Three, na wewe unataka kuitupa kwa sababu ya mchezo? Nani alikutuma unitetee? Andika mistari miwili, usome, ukae chini, maisha yaendelee. Ijumaa nakuja na nikukute umeandika.

Mama

Nakuru,
Machi 13, 2025

Mama,

Salamu. Sijaandika.

Chelagat

Salgaa,
Machi 15, 2025

Chelagat wangu,

Pokea salamu zangu. Nilifika nyumbani salama. Walikataa nikuone, ndio maana naandika.

Nilikuja kuomba msamaha kwa niaba yako, nakuambia ukweli. Nilivaa suti ya kanisa. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, Gathogo akaeleza, nami nikasema pole. Kisha nikauliza, kwa kutaka tu kujua, mtoto alibadilisha maneno gani? Nikamwambia Gathogo, nisomee yale yalikuwa hapo kwanza.

Akafungua karatasi zake. Akaniangalia. Akazifunga, akasema si lazima tufike huko. Nikamwambia nimetoka mbali, nisomee. Hata mwalimu mkuu akasema, "Msomee mzazi." Gathogo akaanza kuangalia dirisha.

Hakusoma, Chelagat. Maneno alitaka useme wewe mbele ya ukumbi mzima, yeye alishindwa kuyasema mbele yangu peke yangu. Nilisikia hasira imenipanda mpaka mguu ukaacha kuuma. Nikasimama, nikamwambia ile pole yangu nimeirudisha.

Bodi inakaa Jumatano. Mwalimu mkuu anasema bila barua pengine utatumwa nyumbani. Wakikutuma, beba sanduku, Weldon atakuchukua hapo kwa geti, na tutatafuta shule ingine. Ikiwa na drama, uingie. Nilikuwa nasema ni ya kupoteza wakati, lakini lile swali ulimuuliza Gathogo, Mama Salgaa anachukua ufunguo kwa nini, si kwa Chemistry ulilitoa.

Abby alinikimbilia nikitoka, akaniambia umeanza kulegea, eti unaandika unafuta kwa kunihurumia. Usinihurumie. Nimeinama vya kutosha kwa watu wazuri na wabaya, na jana nimesimama. Ukisoma hiyo barua paredi sasa, ni mimi utakuwa umerudisha chini.

Usiandike.

Mama yako wa Salgaa