Baba, Si Ng'ombe Aliyekuamsha

Mpendwa baba,

Mama amenipa ruhusa, kwa hiyo leo nakwambia. Uliondoka duniani ukiamini kwamba ng'ombe ndiye aliyekuzindua pale zahanati ya Garsen, na Dima wako mwekundu ukamtukuza kuliko sisi wote. Kila mgeni aliyefika kwetu Minjila, kabla hajamaliza maziwa, ulishaanza: "Mimi niliitwa na ng'ombe wangu nikarudi." Nasi tulikuacha ujigambe.

Kivuko unakikumbuka, maana hadi hapo ulikuwa nasi. Ilikuwa miaka ya hamsini, mvua zimekwisha, mnavusha mifugo mtoni. Ulinicheka nilivyokumbatia vibuyu vyangu vya maziwa ya kuuza sokoni: "Habiba, jihadhari na huyu fahali, hana adabu!" Papo hapo akageuka, akakupiga kikumbo, kisogo chako kikagonga boriti ya kivuko. Baada ya hapo, baba, ulikuwepo na hukuwepo.

Zahanatini tulimkuta daktari aliyekuwa njiani kwenda Kipini, akaahirisha safari yake. Ungemwona ungemchukia. Alikuminya ukucha kwa penseli, akakusugua kifua kwa vifundo vya vidole, akakufunua kope na kukumulika tochi. Mama akamshika mkono: "Wewe nafinya mgonjwa kwa nini? Yeye nakosa nini?"

Daktari hakukasirika. Alimpa mama ile tochi, akamwonyesha mboni zako zinavyonywea zikipata mwanga. Kiswahili changu cha sokoni ndicho kilichomfafanulia mama mengine: kwamba chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya shingo, kuna sehemu inayouamsha ubongo wote, kama yeye anavyoamka wa kwanza kuchochea moto na nyumba nzima ikafuata. Sehemu hiyo kwako ilikuwa hai, ila kwa shida. Ndiyo sababu ya kufinya. Anayeusukuma mkono wa mfinyaji yuko karibu, anayeuvuta wake tu yuko mbali, asiyefanya lolote yuko mbali mno. Wewe ulikuwa ukivuta tu, na moyo wangu ulikuwa umeshaanza kukulilia.

Ami, mdogo wako, alikuwa amekata shauri ubebwe ukafie nyumbani kwako, na simlaumu. Daktari alisema safari hiyo itakumaliza. Mwishowe wakakubaliana: ukifumbua macho ukiitwa, unabaki, usipofumbua, ami akuchukue jioni ile ile. Niliita "Baba! Baba!" mpaka sauti ikakauka. Hukutikisika.

"Aitwe jina lake," akasema daktari. "Tena na mtu wa karibu kabisa. Mke wake."

Mama akainamisha kichwa. "Jina ya bwana mimi hapana taja. Kwetu si adabu."

Nikamweleza daktari kwamba kwetu mke hatamki jina la mumewe, akiwepo wala asipokuwepo, na kwamba tangu nizaliwe mama hukuita Baba Habiba tu. Jina hilo alikuwa amekwisha kuliita asubuhi nzima, bure. Na ami alikuwa amesimama pale mlangoni. Mbele yake ingekuwa aibu ya kusimuliwa hadi Golbanti.

Basi mama akaanza kuita ng'ombe. Kwa ile sauti yake ya kukamua, aliwataja mmoja mmoja, na alipofika kwa Dima kope zako zikacheza. Ami akapiga kelele, akatoka mbio kuwaambia waliokaa nje. Hadithi yako ilianzia hapo, na hapo ndipo inapokosea, maana kope zilicheza kisha zikatulia. Macho hukufumbua.

Mama akatazama mlango. Akainama mpaka ushungi wake ukakufunika uso, akalisema jina lako, mara moja tu. Ukafumbua macho, ukamtazama, ukasema, "Maji." Daktari alijifanya anatafuta penseli yake. Mama akaniwekea kidole mdomoni, nami nikanyamaza miaka yote hii.

Mjukuu wako Amina, ambaye sasa ni muuguzi Hola, anasema jina haliponyi ubongo. Huenda uvimbe ulikuwa umeanza kupungua na ungeamka hata hivyo. Pengine. Lakini jioni ile ungekuwa umeshabebwa, ukirushwarushwa njiani. Na huyo huyo Amina, akiletewa mtu aliyezimia, kwanza huwauliza jamaa zake, "Nyumbani mnamwitaje?" Si wote wanaoamka, baba, lakini wapo, na kila mara nikisikia nafurahi kama ni wewe.

Wiki iliyopita Amina alijifungua mtoto wa kiume, tukampa jina lako. Tulidhani mama atamwita "mume wangu" kwa utani, kama mabibi wengine. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alimpakata mtoto amelala fofofo, nyumba imejaa watu, ami naye yupo na bakora yake. Mama akasema kwa sauti, mbele ya wote: "Barisa! Barisa, amka!"

Hakuna aliyethubutu kumkanya. Akanigeukia akicheka. "Mwambie baba yako sasa. Nimechoka kumpa sifa ng'ombe."

Pumzika salama, baba. Usidhani tumekusahau, humu ndani sasa unaitwa kutwa nzima, na anayekuita zaidi ya wote ni mama.

Binti yako wa vibuyu,
Habiba